Mtungi Wako Uko Dirishani

Nyumba ya Kona,
Nalakhu,
Bonde la Kathmandu.
9 Baisakh 2076 (huko kwenu nadhani Aprili inaishia)

Mpendwa mdogo wangu Hera,

Kabla ya neno lolote, mgongo vipi? Mara ya mwisho uliniambia unalala na mfuko wa maji ya moto kama bibi kizee. Na theluji, imeisha au bado mnaikoroga mlangoni? Shemeji hajambo? Suprabha je, bado anakula wali kwa kijiko? Mwambie mama yake mkubwa anauliza, na jibu nalijua.

Sisi huku tupo. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, yananyamaza nikishuka, kwa hiyo nashuka sana. Jino la nyuma nimeling'oa. Mikate ya dengu bado nakaanga pale chini kila asubuhi, na watu wanakuja vilevile, wanakula mkate mmoja na kusikiliza maneno matatu. Wanangu wote wawili wazima, mmoja bado Qatar, mwingine Pokhara. Hawaandiki, lakini wanapiga picha za chakula wanatuma.

Naandika kwa sababu simu hainitoshi. Ukipiga unasema, "Dada, nina dakika tano," na mimi dakika tano ndiyo kwanza nasafisha koo. Mpwa wa Tulsi, yule Tulsi jirani yetu muuza vyungu, anakuja Toronto wiki ijayo. Atakuletea barua hii na lapsi kavu za chumvi, yale matunda yetu machachu. Zihesabu, kijana yule mdomo wake haukai bila kutafuna.

Sasa karatasi yako. Imefika tangu mwezi uliopita, Chait, na sahihi yako imelala pale chini vizuri kama ya daktari. Umekubali kona ya nyumba yetu ikatwe, na chumba cha bibi, na dirisha, ili gari la mbao la mungu Bhairab linalovutwa kwa kamba siku ya sikukuu lipite bila kukwama. Yangu sijaweka. Na yako sijaipeleka. Usikasirike kwanza. Sikiliza mpaka mwisho, halafu ukasirike ukiwa na habari kamili.

Unajua, tangu karatasi ile ifike nimekuwa nakaa pale dirishani nikiwa sina kazi, na mimi kukosa kazi unajua ni ugonjwa. Nakuona wewe una miaka kumi, umesimama juu ya kinu ili ufike. Nakuona Bibi nyuma yetu na kiko chake, anatupanga kama askari. Mtungi wangu wa shaba huku, wako kule. "Msimwage mpaka niseme! Kwanza wakasirike vizuri!"

Na chini, mama wee, watu! Mtaa wa Juu wameshika kamba za mbele, Mtaa wa Chini wameshika za nyuma, kila upande unataka mungu aende kwao kwanza. Vichwa vimejaa mpaka huoni tofali moja la njia. Gari limesimama ghorofa tatu, linayumba kama mlevi, linapiga kona yetu, gwa! vumbi linaanguka kwenye wali wetu. Baba anasema, "Mungu amechukua chake." Na hakuna aliyewahi kuziba palipomeguka. Mpaka leo kona yetu ni kama meno yangu.

Mawe yakianza kuruka, ndipo Bibi anasema, "Sasa!" Na sisi tunamwaga. Maji yakishawaangukia, basi, hakuna jiwe mpaka nguo zikauke. Juu hawarushi, Chini hawarushi. Watu waliokuwa wanataka kuuana wanakamua mashati yao pamoja na kucheka. Nani aliweka sheria hiyo? Hakuna anayejua. Bibi alisema ni kwa sababu nyumba yetu si ya Juu wala ya Chini, imekaa katikati kama kitovu, na binti aliyezaliwa ndani yake hana upande. Ndiyo maana ilikuwa lazima binti wa kuzaliwa. Mama yetu, ameolewa hapa miaka arobaini, hakuwahi kugusa mtungi siku ile.

Unakumbuka mwaka ule ulipoangusha mtungi wenyewe? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Na chini yake amesimama nani? Purna Bhakta wa Mtaa wa Juu, ambaye kila mwaka alikuwa anahakikisha yuko chini ya dirisha letu, upande wako, mdomo wazi. Mtungi ukampata hapa kwenye nyusi. Wewe ulisema umekuponyoka. Mimi nilikuwa karibu yako, Hera, na sijawahi kusema kitu. Mtungi umebonyea, una bonde mpaka leo, na yeye ana kovu mpaka leo, na wote wawili nawaona kila wiki.

Kwa sababu Purna Bhakta ndiye mwenyekiti wa kamati ya sikukuu sasa. Ndiyo, yeye. Tumbo limemtangulia, nywele zimebaki nyuma. Karatasi ya kukata kona ni yake.

Lakini nikuambie ukweli wote, maana wewe ulisaini baada ya kusikia habari za mwaka jana, na habari za mwaka jana hukusikia vizuri. Ulisikia tu kwamba Sanukaji, mwana wa Tulsi, amebanwa na umati kwenye kona yetu, mguu umevunjika mara mbili. Ni kweli. Nilisikia mfupa mimi mwenyewe, kwa masikio haya. Mpaka leo anatembelea mkongojo, na alikuwa ndiye kijana anayepanda nguzo ya sikukuu kuliko nyani.

Jambo ambalo hukuambiwa ni kwamba mwaka jana maji hayakumwagwa. Mume wangu Jit Narsing alikuwa hajamaliza hata miezi miwili tangu tuuchome mwili wake pale mtoni. Nilikuwa kwenye nguo nyeupe, na mwenye msiba hagusi sikukuu, hilo unalijua. Nikafunga dirisha. Nikakaa kitandani kwa Bibi nimeziba masikio, na wao chini wanaita, "Maji! Dada wa Kona! Maji!" halafu mtu mwingine anasema, "Nyamazeni, ana msiba." Wakanyamaza kuita. Mawe hayakunyamaza. Watu wakakimbia upande mmoja wote, na Sanukaji alikuwa upande huo.

Sikulaumu wewe. Lakini nilikaa pale nikafikiri: Hera angekuwepo, angemwaga yeye. Msiba ulikuwa wangu, haukuwa wako. Ndiyo maana Bibi alitaka mitungi miwili, sasa naelewa. Mimi nilidhani ni kwa sababu watu ni wengi.

Masikini Jit Narsing. Maisha yake yote walimtania kwamba amehamia kwa mke, na yeye, mtu wa Chini, siku ya gari alikuwa anaenda kuvuta kule nyuma halafu jioni anarudi amelowa maji yangu. "Mke wangu ananiogesha mara moja kwa mwaka," alikuwa anawaambia, "lakini mbele ya mashahidi." Mwaka huu nimemkumbuka hata nikitia chumvi kwenye chakula.

Basi, kamati ikakaa. Ikaamua mambo mawili. La kwanza, kona ikatwe baada ya mvua, kama wenye nyumba wote wawili watasaini. La pili, mwaka huu iwe sikukuu ya adabu. Neno ni lao, si langu. Watu mia moja wa Juu, mia moja wa Chini, wameandikishwa majina, wamebandikwa namba kifuani kama mbuzi wa mnada. Wengine wote wasimame nyuma ya kamba. Vijana wa vizibao vya njano wenye filimbi. Pombe marufuku. Na maji marufuku.

Purna alikuja mwenyewe dukani kuniambia. Alikula mikate minne kwanza, ndipo akaniita kwa jina langu, Nani.

"Dada Nani, mwaka huu pumzika. Maji yanateleza."

"Yameteleza miaka mia mbili, leo ndiyo umeyaona?"

"Kuna utaratibu, dada."

"Purna, hao watu hawajui utaratibu. Wanajua maji."

"Dada, mguu wa yule kijana," akasema, akaacha hapo. Nikamfungia mkate wa tano. Maji ya bomba yalikuja siku mbili kabla ya sikukuu, na mimi mjinga sikujaza kitu. Nilijaza sufuria ya chai.

Kitu kingine kimoja tu nilikuwa nimejaza. Mwaka wangu wa msiba umeisha mwezi wa Falgun, kabla ya Chait, na nilisema nikirudi kwenye sikukuu nirudi kwa heshima. Nikapika pombe ya mchele, magudulia mawili makubwa, ile nyeupe nzito ya Bibi, kwa ajili ya mashemeji wa upande wa Jit Narsing. Marufuku ya kamati ilikuwa njiani, si chumbani kwangu. Magudulia yakakaa pale karibu na dirisha kwa sababu ndipo pana baridi.

Siku ikafika. Hera, ungecheka mpaka mgongo wako upone. Wale mia moja wakashika kamba, filimbi ikalia, wakavuta. Gari halikusogea hata upana wa kidole. Wakavuta tena. Mungu amekaa pale juu anawaangalia tu. Lile gari halijawahi kuvutwa na watu chini ya mia tano, tena wa kulewa kidogo! Watu wazima wana hesabu zote kwenye karatasi, na hakuna aliyeuliza gari lina uzito gani.

Saa nzima. Nyuma ya kamba watu wote wa Nalakhu wamesimama na mikono mitupu, hawana la kufanya, na unajua watu wetu wakikosa la kufanya midomo inafanya.

"Nyie wa Juu, mmekula mtindi tu asubuhi?"

"Na nyie wa Chini mnavuta au mnafunga viatu?"

"Namba sabini na mbili! Namba sabini na mbili, mkeo anavuta ndoo kuliko wewe!"

"Njoo uvute wewe!"

"Sina namba!"

Hapo kila mtu akacheka, hata wenye vizibao, na kicheko ndicho kilichokata kamba. Sijui nani alianza. Niliona tu kamba ya kamati imelala chini na watu wanapita juu yake kama maji yaliyopata mlango. Wazee, wanafunzi, mwalimu wa hesabu, yule mwenye benki na yule anayembebea mizigo wameshika kamba moja, mmoja mbele ya mwingine. Wale ndugu wawili wa karibu na kisima, ambao hawajasalimiana tangu wagombee ukuta, nikawaona bega kwa bega wanatukana watu wa Chini kwa sauti moja. Hayo yatapatikana wapi kwingine, niambie? Mwaka mzima kila mtu ana adabu yake na mlango wake. Siku moja tu wanakuwa kitu kimoja, na kitu hicho hakina adabu, lakini kina nguvu.

Gari likaenda! Lilitoka kwa kelele moja, nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikacheza. Nilipiga kelele peke yangu dirishani mpaka sauti ikaondoka. Nililia kidogo pia, lakini usimwambie mtu.

Halafu likafika kwetu. Gwa! Gurudumu la mbele likaingia mtaroni, gari likalala kwenye kona, likakwama. Juu wanavuta huku, Chini wanavuta kule, na katikati watu wanazidi kuja. Nikasikia jiwe la kwanza kwenye bati. La pili. Sauti ya umati ikabadilika. Wewe unaijua ile sauti. Mtu ambaye hakukulia nyumba hii atasema ni kelele zilezile, lakini sisi tunajua.

Nikaangalia chini, na kwenye ngazi ya duka langu, chini kabisa ya kona, nani amekaa? Sanukaji na mkongojo wake. Alikuja kutazama. Mama yake, Tulsi, alikuwa amemwacha hapo kwa sababu alisema ndipo salama, mwaka huu kuna utaratibu! Mgongo wake umeganda ukutani na watu wanarudi nyuma juu yake, na mkongojo umeshaanguka. Vizibao vya njano wamekimbia zamani. Purna tu amebaki, anapuliza filimbi katikati ya watu, mashavu yamejaa, hakuna anayesikia.

Ndipo wakaanza. Kwanza mmoja, halafu Juu wote, halafu Chini wote. "Maji! Maji! Dada wa Kona, maji!"

Nikakimbilia mitungi. Hera, nilijua ni mitupu, lakini nilikimbia. Niligeuza mtungi wangu, tone moja. Niligeuza wako, buibui. Sufuria ya chai nilikuwa nimekunywa. Na wao wanaita, na Tulsi namsikia upande wa pili wa njia anaita jina la mwanawe kama mtu anayezama. Nikasema, basi, ni mwaka jana tena. Dirisha liko wazi, na ni mwaka jana tena.

Halafu harufu ikanijia puani. Pombe.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeionea huruma. Nilizamisha mtungi wangu kwenye gudulia la kwanza, nikamwaga. Nilizamisha wako kwenye la pili, nikamwaga. Nikaendelea hivyo, kulia, kushoto, kama nina mikono minne kama mungu mwenyewe. Nyeupe yote, nzito, na mchele wake, juu ya vichwa vya Juu na vichwa vya Chini.

Pakawa kimya. Kimya, Hera, watu elfu ngapi sijui. Halafu mzee mmoja akajilamba mkono.

"Hii siyo maji."

"Ni nini?"

"Ni pombe! Ni pombe ya bibi yao!"

"Dada Nani, huku! Huku sijapata!"

"Wewe wa Juu funga mdomo, ni zamu ya Chini!"

"Shemeji, usimwage ovyo, lenga!"

Umati mzima ukageuza nyuso juu, midomo wazi kama makinda. Aliyekuwa na jiwe mkononi aliliangusha ili akinge kiganja. Nami nikapata sauti yangu, ile niliyorithi kwa Bibi, nikasema, "Anayetaka nyingine amtoe kwanza mtoto wa Tulsi! Chini yenu hapo! Rudini nyuma!"

Wakarudi. Walewale. Wa nyuma hawakujua kwa nini wanarudi, lakini walirudi kwa sababu wa mbele wamerudi. Wakamnyanyua Sanukaji na kumpitisha juu ya vichwa, mkono hadi mkono, wa Juu wakimpa wa Chini, mpaka kwa mama yake. Mkongojo ukafuata nyuma yake, nao umebebwa kwa heshima kama mwavuli wa mungu. Hakuumia hata ukucha. Alikuwa anacheka, amelowa pombe mpaka kwenye masikio.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka wa tetemeko, jinsi hawa hawa walivyokwenda kuchukua kamba za gari hekaluni bila kuomba ruhusa, wakavuta boriti kutoka kwenye nyumba zilizoanguka, Juu na Chini, siku tatu bila kulala? Mama mzazi wa Tulsi, bibi yake Sanukaji, walimtoa hivyo akiwa hai. Hakuna aliyewafundisha kuvuta pamoja kwa sauti moja. Walijifunza kwa kugombania mungu. Ndicho nilichofikiria nilipomwona mjukuu wake anapita juu ya vichwa.

Na Purna! Nilisahau Purna. Nilipomwaga mtungi wako mara ya kwanza, alikuwa chini yake kabisa, palepale pa zamani. Alipuliza filimbi ikatoa mapovu. Kizibao cha njano kimekuwa cheupe. Akafuta macho, akaangalia juu, akaona ule mtungi wenye bonde umetokeza dirishani, na mimi nyuma yake, uso wangu hauonekani vizuri. Na mtu mzima yule, mwenyekiti, akasema, "Hera?"

Nikamwambia, "Ni mimi, wewe mjinga. Hera yuko Kanada."

Sikuona aibu kwa ajili yake. Niliona kitu kingine, sijui jina lake.

Gari wakalitoa mtaroni kwa mabega. Kona yetu ikapoteza matofali mawili. Mungu amechukua chake. Mashemeji wa upande wa Jit Narsing walikunywa chai.

Kesho yake asubuhi Purna akaja dukani, nguo safi, bado ananuka. Mimi nilipomwona mlangoni, karatasi yako ilikuwa kwenye mkeka, nilikuwa nataka kuisoma tena. Nikaikalia. Ndiyo, Hera, mazungumzo yote nimeikalia sahihi yako.

"Dada, siwezi kuifuta ile habari ya kona," akasema. "Mguu ni mguu."

"Najua."

"Lakini kwenye kitabu cha kamati sitaandika kwamba ni kona iliyomvunja. Nilikuwepo mwaka jana, nikaona. Na nilikuwepo jana." Akala mkate. "Sahihi zikija mbili kabla ya mwisho wa mwezi wa Asar, mafundi watakuja. Zisipokuja, hawaji. Hera amesema nini?"

"Hera ana kazi nyingi," nikasema. Huo si uongo.

Halafu akaniuliza yule binti yako, Suprabha, ana umri gani.

Nilienda pia kwa Tulsi, maana sikutaka kuamua juu ya mguu wa mtu mwingine. Nikamwuliza Sanukaji mwenyewe, mbele ya mama yake, kona ikatwe au ibaki. Akafikiri sana, huku anaukwangua mkongojo kwa kucha. Akasema, "Mama Nani, mwaka jana watu walinivunja, mwaka huu watu walinibeba, na ukuta ulikuwa uleule." Halafu akasema kama nina pombe iliyobaki asingekataa. Tulsi akampiga kofi la begani, akaanza kulia, nikaanza na mimi, tukamaliza chai yote.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo, mdogo wangu. Sikuambii umati ni malaika. Nimesikia mfupa. Lakini nimezaliwa juu ya vichwa vyao, nimeona kwamba wana sikio moja tu, na sikio hilo liko chini ya dirisha letu. Ukilikata dirisha, sijui watasikilizia wapi.

Na mimi siku moja nitakuwa na msiba mwingine, au magoti yatakataa ngazi. Mabinti wa kuzaliwa hapa tumebaki wawili. Suprabha najua hakuzaliwa Nyumba ya Kona, lakini Bibi hayupo wa kubisha, na umati haujawahi kumwomba mtu cheti cha kuzaliwa.

Mtungi wako nimeusugua kwa majivu na ndimu mpaka unaona uso wako ndani yake, isipokuwa kwenye bonde, pale unaona uso wa mtu mwingine. Nimeuweka dirishani, upande wako. Karatasi yako nimeiweka ndani yake. Iko kavu.

Nyumba ni nusu yako, sitakuibia neno lako. Ukitaka kona ikatwe, niandikie mstari mmoja tu, na siku hiyohiyo nitasaini na kumpelekea Purna zote mbili. Ukitaka ibaki, usiandike chochote. Asar ipite kimya. Halafu sikukuu ya Baisakh ijayo njoo uutoe ule mtungi karatasi, uujaze maji.

Msalimie shemeji, mwambie pombe ya harusi yenu ilikuwa ya gudulia hilohilo. Mbusu Suprabha paji la uso, hapo pa alama nyekundu, hata kama haweki. Tulsi anakusalimu, Sanukaji anakusalimu kwa miguu yote miwili, amesema niandike hivyo. Purna Bhakta hakutuma salamu, lakini alikaa dukani kwa muda mrefu.

Bhairab akulinde njiani na nyumbani, akupe mgongo ulionyooka na miaka ya kuzeeka karibu yangu.

Wako akupendaye, ambaye bado anakusubiri useme "Sasa!",

Dada yako,
Nani Keshari